Nati za Upande wa Kushoto

Watu wakiniuliza niliachikaje na mume wangu wa kwanza, huwajibu kwamba niliachwa kwa ajili ya nati. Wanacheka. Wengine wanadhani bibi ameanza kuchanganyikiwa, wengine wanadhani nakwepa maneno. Basi na wacheke. Mie najua ninachokisema.

Mume wangu alikuwa fundi gari Tibirinzi, pale Chake Chake. Baba yangu alikuwa mhunzi kwetu Kengeja. Miaka ile ya mwisho ya hamsini, ungeingia shamba lolote la kusini, jembe utakaloliona lilipita mikononi mwa baba. Alikuwa hana ng'ombe, hana mikarafuu ya kutajika, ana mkono wake tu, na mkono huo watu waliuogopa kama wanavyomwogopa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mume wangu alimwogopa kuliko wote. Mtu wa haya mno yule bwana. Mbele ya mkwe wake alikuwa hapandishi sauti, hakunji mguu juu ya mguu, hata kikombe cha kahawa hakinywi mpaka mzee atangulie. Mimi nilikuwa nikimcheka. "Umemwoa baba au umenioa mie?" Naye hutazama chini akatabasamu.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashamba ya karafuu, marehemu baba yake alimwachia gari ya Kiingereza ya zamani, ya tangu sisi hatujazaliwa. Ilikuwa imelala bandani miaka na miaka, kuku wanatagia kwenye viti. Bwana huyo akawa anamwoza binti yake Mkoani, akaingiwa na wazo: bibi harusi lazima apelekwe na gari ya babu yake. Si lori, si gari ya kukodi. Gari ya babu! Ikasukumwa na wachuma karafuu mpaka uani kwangu, ikaachwa hapo, na tangu siku hiyo sikuwa na mahali pa kuanika hata kanga.

Spea hakuna. Mume wangu aliulizia Unguja kwa mabaharia wa meli, akaulizia Mombasa kwa jamaa zake, jawabu moja: gari hiyo haiundwi tena, vyuma vyake havipo. Nilikasirika kama niliyetukanwa. Watu gani hawa wanaunda kitu, wanakileta mpaka kwenu, halafu wanakitupa kiwe yatima? Lakini mafundi wetu hawakuwa na nafasi ya kukasirika. Kilichovunjika unakiweka mbele yako, unakitazama, unachonga mwenzake. Basi ndiyo kazi iliyofanyika uani kwangu. Gasketi zilikatwa kwenye ngozi ya ng'ombe iliyorowekwa mafuta. Mipira ya kukalia injini ilichongwa kwenye tairi bovu la lori. Mbao za bodi aliziunda seremala wa mashua, na turubai la juu nililishona mie kwa cherehani yangu, kwa kitambaa cha tanga, mpaka sindano zikaniishia. Kila siku kitu kimoja kinaiga kingine. Ikifika jioni mume wangu anaizunguka gari, anaigusa hapa na pale, uso umemkunjamana. "Siijui tena," aliniambia siku moja. "Ilikuwa yao, sasa imekuwa yetu, na yetu hakuna aliyeijaribu."

Yakabaki magurudumu ya kushoto. Dereva wa zamani wa yule bwana aliwahi kuyafungua kwa nguvu, asijue kwamba gari ile nati zake za kushoto zinakazwa kwa kuzungushwa kushoto. Walioiunda walifanya hivyo makusudi, ili gurudumu linapozunguka lisizilegeze. Yeye akazizungushia kule anakokujua, akakata bolti karibu zote. Ikasalimika moja na nati yake. Mume wangu aliichukua akaifunga kwenye leso, tukapanda gari ya abiria, sisi hao mpaka Kengeja kwa baba.

Nilikuwapo, nimekaa na mama jikoni, mlango uko wazi, nasikia. Mume wangu akaiweka bolti mbele ya baba kwa mikono miwili. Akasema, "Nataka nyengine kama hii, mzee. Ziwe sawa."

Basi. Hakusema zaidi. Angesema nini? Angemwambia mhunzi aliyempita umri, aliyempa mke, kwamba mzee tazama vizuri, uzi uliochongwa kwenye chuma hiki unakwenda kushoto usije ukakosea? Kwetu hayo ni matusi. Mkwe hafundishwi kazi yake. Akasema sawa, akadhani amesema yote.

Na baba akasikia sawa. Jamani, neno hili! Sawa ya mume wangu ilikuwa sawasawa na ile, isizidi isipungue. Sawa ya baba ilikuwa iliyo sahihi, iliyonyooka. Aliigeuzageuza ile bolti, akaiona uzi wake unapanda kinyume na bolti zote alizopata kuziona, akaamua kwamba hapo ndipo penye ubovu. Aliyeichonga alikuwa mlevi, au alianza kazi bila ya Bismillahi. Baba hakuwa mtu wa kuanza jambo kwa kushoto. Kula kulia, kuingia msikitini kulia, kuvaa kiatu kulia. Kushoto ni kwa chooni. Basi akachukua uzi wa kushonea, uzi wa kweli wa pamba, akauzungusha kwenye chuma kuelekea kulia, akafuata njia yake kwa msumeno mwembamba, kisha kwa tupa. Bolti moja ilimchukua tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nati nazo akazikata kwa jino la chuma alilolitengeneza mwenyewe. Zilikuwa nzuri, sitamdhulumu. Ukizitia kidole huhisi mkwaruzo.

Alizileta mwenyewe Tibirinzi. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa na si Ijumaa. Akasimama kando ya gari, mikono nyuma, anatazama mkwe wake anavyozifunga, na mimi nimesimama mlangoni na sinia la kahawa. Nilimwona mume wangu anashika nati ya kwanza. Akaizungusha kushoto, ikakataa. Akaizungusha kulia, ikaingia taratibu, laini kabisa. Akainua uso akamtazama baba, na baba anatabasamu. Si mtu wa kutabasamu ovyo baba yangu.

"Vipi?" baba akauliza.

"Sawa, mzee," mume wangu akasema.

Akazikaza. Alitia bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nilidhani anaonyesha bidii mbele ya mkwe. Kumbe alikuwa anaomba Mungu.

Siku ya kumpeleka bibi harusi gari ilitangulia, dereva na mume wangu mbele, bibi harusi na bibi yake mzaa baba nyuma. Sisi wanawake tulifuata kwenye lori, tunaimba, tunapiga vigelegele. Karibu na Mkoani pana mteremko. Tulipoanza kuteremka tukaliona gurudumu limeipita gari. Gurudumu peke yake, linakwenda zake mbele kwa furaha. Wallahi kuna waliopiga vigelegele, wakidhani ni shamrashamra. Halafu gari ikainama ubavu wa kushoto, ikakwaruza njia, ikaingia kwenye shamba la muhogo.

Bibi harusi alitoka mzima, analia, hina yake imejaa udongo. Bibi yake hakutoka. Walimtoa watu, amevunjika nyonga. Aliishi baada ya hapo, lakini hakusimama tena, na alikuwa mtu aliyekwenda kwa miguu kila harusi na kila kilio.

Baba alizipata habari, akaja Tibirinzi. Uani kwangu palijaa: yule bwana mwenye gari, majirani, wazee wawili wa mtaa. Baba hakusalimu. Akamwendea mume wangu akamnyooshea kidole puani.

"Hukukaza nati!"

Mume wangu akaweka spana chini.

"Nakuuliza wewe! Nimekupa kitu cha maana umekwenda kukitia kwa mchezo. Ulizikaza au hukuzikaza?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Sikuzikaza vizuri, mzee."

"Fundi gani wewe? Mtu hajui kukaza nati! Mtu mzima umemtia ulemavu kwa uvivu wako!"

Mie nilitaka kupasuka. Nilimwona kwa macho yangu akikaza mpaka jasho likadondoka. Walipoondoka wote nikamkamata. "Umesema uwongo kwa nini? Sema!" Alikwenda akatwaa bolti moja na nati yake, akanitilia mkononi, akanishika vidole akanionyesha. Gurudumu la kushoto likienda mbele, huzunguka hivi. Nati ya baba hulegea hivi hivi. Kila hatua ya safari ilikuwa inajifungua yenyewe.

"Uliona?" nikamuuliza. "Siku ile unazifunga, uliona?"

"Niliona."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Amesimama pale na kanzu yake."

Sijui nimweleze vipi mtu asiye wa kwetu. Nilimchukia na nilimwelewa kwa pamoja. Nilimwambia nakwenda Kengeja sasa hivi kumweleza baba, siwezi kukaa nikasikia mume wangu anaitwa mvivu na mlemaza watu. Yeye akasema hapana. Mimi ndiye niliyezifunga, akasema, nimeona kwa macho yangu nikanyamaza, kosa ni langu. Yule mzee ana nini zaidi ya mkono wake? Akijua kwamba mkono wake ndio uliomvunja yule bibi, atashika tena nyundo? Nikamwambia na wewe je? Wewe una nini? Nikavaa buibui. Akanizuia mlangoni. Nikamsukuma. Sijapata kumsukuma mume wangu kabla ya siku ile. Na hapo likamtoka, mtu wa haya yule, mtu asiyepandisha sauti.

"Ukimwambia baba yako jambo hili, basi siku hiyo umeachika!"

Tukatazamana. Kwetu neno kama hilo likishatoka halirudi mdomoni. Si maneno ya hasira ya kusema samahani ukapita. Ni talaka imetundikwa juu ya mlango, siku utakayopita na jambo lile inakuangukia. Nilivua buibui nikakaa chini kwenye vumbi. Yeye akatoka akaenda kusali.

Wateja walipungua, kisha wakaisha. Nani ampe gari fundi asiyejua kukaza nati? Mume wangu alishinda anapanga vyombo vyake, anavifuta mafuta, anavipanga tena. Na baba kila aliyekwenda Kengeja alimpa salamu za kuniletea: mwambieni mwanangu aombe talaka yake, sikumwoza kwa mtia watu ulemavu. Alipokuja mwenyewe alinisemesha mbele ya mume wangu kama hayupo. "Unangoja nini hapa? Akutie na wewe shimoni?" Mume wangu anamwinamia, "Karibu mzee, karibu kahawa." Nami nimekaa katikati, ulimi umevimba mdomoni. Wanaume wangu hawa! Mmoja ananiambia niachike, mwengine amenifunga kwamba nikifungua mdomo nimeachika, na nilikuwa sitaki kuachika. Nilikuwa nampenda yule bwana. Siku zile mtu alikuwa hasemi, leo nasema.

Hali ikaenda hivyo mpaka mama alipoumwa homa nikaenda Kengeja kumuuguza. Nilimkuta baba kwenye kibanda chake cha kazi, anapiga tupa. Nikamsalimu nikataka kupita, jicho likaniangukia. Uzi wa pamba umezungushwa kwenye chuma.

"Unatengeneza nini, baba?"

"Bolti za gari ya abiria," akasema, bila ya kuacha kazi. "Imekosa spea nayo, Unguja hawana. Wanatia mpya kesho asubuhi. Safari hii nimewaambia watafute fundi wa maana wa kuzikaza." Akachukua bolti kongwe waliyompelekea, akainua. "Hebu tazama. Hii nayo kaichonga mlevi yule yule. Imekwenda kombo, kushoto kushoto. Nawanyooshea."

Gari ile niliijua. Kengeja nzima iliijua. Ndiyo inayochukua muhogo na ndizi na samaki, na wanawake wanaokwenda Chake hospitali na matumbo yao. Watu hukaa mpaka juu ya mizigo. Niliingia ndani nikakaa kitandani kwa mama, nikamkanda miguu, hata mama akauliza mbona namkanda mguu mmoja tu. Nilifikiri kuziiba zile bolti; angechonga nyengine. Nilifikiri kumwendea mwenye gari. Kengeja neno halifiki jioni halijarudi kwa mwenyewe, tena limekwisha tiwa chumvi, na ni mie yule yule niliyesema. Nilifikiri kumpelekea habari mume wangu, na hapakuwa na gari ya kwenda Chake ila hiyo iliyolala inangoja bolti. Nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kunyamaza. Hilo nililifikiri sana.

Nikatoka. "Baba, weka tupa chini."

"Nina kazi."

"Weka, baba."

Nikamweleza. Nilichukua gurudumu la baiskeli lililokuwa pale kibandani, nikamwonyesha kama nilivyoonyeshwa. Nikaisokota nati kwenye bolti yake mpya, ikalegea mbele ya macho yake. Baba alikuwa mhunzi, hakuhitaji kuonyeshwa mara ya pili. Moto ulikuwa unapungua na hakuuvuvia. Nilingoja aniulize habari za yule bibi wa Mkoani. Alichouliza kilikuwa kingine.

"Nani mwengine anayejua?"

"Mume wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile unazileta. Aliona, akakustahi."

"Nami nikamtukana mbele za watu."

"Ndiyo, baba."

"Na hakusema."

"Hakusema."

Akazikusanya zile bolti mpya zote, akazitia motoni, akaushika mvukuto. Alivuvia kwa nguvu, machozi yanamtoka, akasema ni moshi. Kisha akaniambia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Nenda kwako, mwanangu. Nenda kwa mumeo. Mwambie kesho nakuja kumtaka radhi."

"Sina kwangu, baba."

Hakuelewa. Ikanibidi nimwambie na hilo. Kwamba mume wangu alikula yamini, kwamba nikimwambia yeye nimeachika, na kwamba nilikuwa nimeshamwambia. Nimeachika hapo hapo, mbele ya fuawe yake ya kufulia chuma, na yeye ndiye shahidi wangu. Baba aliuachia mvukuto. Akasema, "Ungenyamaza." Kisha akakumbuka ile gari na watu wake, akashika kichwa.

Talaka ilikuwa moja. Mwanamume ana ruhusa ya kumrejea mkewe kabla eda, ule muda wa mke kungoja, haijaisha, kwa neno moja tu, bila ya mahari wala khutuba. Kwa hivyo nilimpelekea habari, nikakaa eda kwetu Kengeja nikangoja. Nilijua atakuja. Kila hodi nilijua ni yeye.

Baba alivaa kanzu mara kadhaa kwenda Tibirinzi, akafika njia kuu akarudi. Atamtazama vipi usoni kijana aliyemtukana, naye akamstahi? Kumbe na kule Tibirinzi ilikuwa vivyo hivyo. Shangazi yangu alikwenda kumkabili, akamuuliza, mbona humrejei mkeo, unamngoja nani? Akamjibu, "Nitaingiaje kwa mzee sasa, na yeye anajua kwamba mie najua?" Akampa shangazi halua. Akasema, "Nisalimie sana mzee."

Nisalimie mzee! Nilipoletewa zile salamu nililia nikacheka kwa pamoja. Wanaume wawili wanastahiana, kila mmoja anaona haya kumtia haya mwenzake, na mie siku zangu zinakwisha. Hapakuwa na mbaya wa kumtupia jiwe. Ningepata mbaya mmoja tu ningepumua.

Eda ikaisha. Mwenye gari ya abiria alikuwa ameshachongewa na baba bolti za kushoto, na zilishika. Kila asubuhi gari ile ilipita mbele ya nyumba yetu imejaa watu na mizigo, wanapiga soga, wanaitana, wanawake wengine wananipungia mkono wananiita wifi. Hakuna aliyejua. Nami nilisimama dirishani nikawapungia, wazima wote, mmoja mmoja, na nilikuwa nawachukia.